Nguo za Kiangazi Mwambao wa Ziwa Tanganyika – Sehemu ya Pili: Hoja ya Rangi za Udongo

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulizungumzia kitambaa chenyewe: pamba, kitani na poliesta, na namna kila kimoja kinavyopokea jasho la mtu anayeishi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Leo tunaingia kwenye rangi. Dai langu ni moja. Mkazi wa Kigoma, Ujiji au kijiji chochote cha mwambao huu anayetaka nguo chache za kiangazi, zinazooana zenyewe kwa zenyewe na zinazodumu, aziteue kwanza kutoka katika ukoo wa rangi za udongo. Nazungumzia rangi ya maziwa, rangi ya mchanga, kaki, hudhurungi, kahawia na rangi ya kahawa iliyokaangwa. Na pembeni kidogo mwa ukoo huo, ile nyekundu iliyopoa iitwayo damu ya mzee. Sisemi kwamba rangi nyingine hazifai. Nasema kwamba hizi ndizo za kuanzia, na kwamba sababu zake hazikuletwa na mitindo ya mwaka huu wala ya mwaka jana. Ziko katika udongo, jua na historia ya mahali hapa.

Tuanze na mahali. Kiangazi cha Kigoma si kile cha majarida ya mavazi ya Ulaya, ambako watu husubiri jua baada ya miezi ya baridi. Hapa mvua hukoma mwezi Mei, na upepo mkavu wa kusini mashariki huanza kulipiga ziwa. Asubuhi za Juni na Julai huwa na ubaridi unaomfanya mtu aendaye Kibirizi au Bangwe alfajiri ajitande kitu mabegani. Joto lenyewe hufika kilele mwishoni, Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijarudi. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hatuna fukuto la Dar es Salaam; tuna jua kali, anga tupu na, zaidi ya yote, vumbi. Udongo wa sehemu kubwa ya mji wetu ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichoshika kutu ndani yake, na chembe zake ni laini kiasi kwamba hazikai juu ya nguo tu bali huingia katikati ya nyuzi. Shati jeupe lililotoka Gungu kwa bodaboda saa mbili asubuhi lina wekundu kolani kabla ya adhuhuri. Mwenye shati hulipeleka kwenye jiki, na hapo ndipo kosa linapozaliwa: jiki huondoa rangi za mimea na rangi nyingi za kiwandani, lakini kutu haliondoi. Weupe wa pembeni huongezeka, doa la chuma hubaki, na linaonekana zaidi kuliko awali. Maji ya ndimu husaidia kidogo kwa sababu tindikali huyeyusha chuma, ila hiyo ni dawa ya doa moja. Haiwezi kuwa utaratibu wa kufulia nguo za familia nzima. Kuna pia mawese. Huu ni mkoa wa michikichi, na mafuta yake hupata wekundu kutokana na karotini, kitu kile kile kinachoipa karoti rangi yake. Tone moja mezani huacha alama ya manjano ambayo kwenye kitambaa cheupe huonekana kutoka mbali, na kwenye kitambaa cha rangi ya mchanga iliyokolea hupotea baada ya kufuliwa na kuanikwa juani.

Wengi wakifika hapa hudhani kwamba hoja nzima ni kuficha uchafu. Hiyo ni nusu tu, tena nusu isiyonivutia sana, maana nguo chafu ni chafu hata kama haionekani. Nusu iliyo muhimu ni namna rangi inavyozeeka. Rangi nyingi za kiwandani, hasa nyekundu, zambarau na buluu za bei nafuu, hubebwa na molekuli ambazo mwanga wa jua huzivunja polepole. Nguo hupauka mabegani na mgongoni kwanza, sehemu zinazotazama jua, na kwapani hubaki na rangi yake ya zamani, hata ikawa na rangi mbili bila mwenyewe kutaka. Mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mpelelezi Livingstone hapa Ujiji mwezi Novemba 1871, kwa hesabu ya tarehe aliyoitoa yeye mwenyewe, aliandika kwamba kofia ya mzee yule ilikuwa ya buluu na utepe wake wa dhahabu ulikuwa umekwisha kufifia. Jua la mwambao huu halikumbagua mgeni wala mwenyeji.

Kaki ya asili ilitengenezwa kwa njia tofauti kabisa. Askari wa kikosi cha Guides kule Peshawar, katika India iliyotawaliwa na Waingereza, walianza miaka ya 1840 kuvaa nguo zilizotiwa rangi ya vumbi la nchi ile. Mwanzoni zilipakwa kwa vitu vya kienyeji na hazikufanana. Sare haikuwa sare. Mwaka 1884 Frederick Gatty wa Accrington, Uingereza, alipata hataza ya njia ya kuzigandisha oksidi za chuma na kromi ndani ya nyuzi za pamba. Maana yake ni kwamba kilichowekwa ndani ya suruali ile kilikuwa ndugu wa madini yale yale yanayoupa udongo wa Kigoma wekundu wake. Chuma kilichokwisha kushika kutu hakina kutu nyingine ya kushika. Hewa imekwisha kukifanyia ilichoweza, na jua halikipunguzii rangi. Kaki za siku hizi hutiwa rangi nyingine, wala sidai kwamba kila kadeti iliyotoka kwenye belo la mitumba ina chuma ndani. Hata hivyo zina faida ya hesabu iliyo wazi: pamba yenyewe, kabla ya kung'arishwa, ina rangi ya maziwa yaliyokolea kidogo, na rangi yoyote iliyo karibu na hiyo haina safari ndefu ya kupauka. Shati la zambarau likipauka huwa nguo iliyoharibika. Shati la rangi ya mchanga likipauka huwa shati la mchanga mwepesi zaidi, na bado linaoana na suruali ile ile.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa watu wa sayansi, na linastahili jibu la sayansi. Husemwa kwamba nyeupe hurudisha mwanga kuliko rangi zote, basi ndiyo nguo ya jua, na kahawia itamchoma mvaaji. Kuhusu kurudisha mwanga ni kweli. Kuhusu mwili wa mvaaji jambo ni gumu zaidi. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliojaribu kueleza kwa nini Mabedui wa Sinai huvaa majoho meusi jangwani. Watafiti walipima joto chini ya joho jeusi na chini ya joho jeupe, wakakuta kwamba ngozi ya mvaaji ilipata joto lile lile. Joho jeusi lilinyonya joto zaidi, lakini ziada hiyo ilipotea kabla ya kuufikia mwili, kwa sababu nguo ilikuwa pana na hewa ilipita kati yake na ngozi. Ikiwa tofauti ya nyeusi na nyeupe hufutika kwa upana wa nguo, sembuse tofauti ya nyeupe na rangi ya maziwa. Kinachompoza mtu ni nafasi: kanzu isiyobana, dera, shati lililoachiwa nje, sketi pana. Tena weupe wa kiwandani una gharama yake. Pamba nyembamba iliyong'arishwa hupitisha mionzi ya urujuanimno kwa wingi, ilhali pamba isiyong'arishwa hubaki na vitu vya asili vinavyonyonya sehemu ya mionzi hiyo, na rangi iliyokolea huzuia zaidi kuliko iliyo nyepesi. Kwa watu wenye ualbino, ambao ngozi zao hazina kinga ya asili dhidi ya jua, hili ni suala la afya kabla halijawa la urembo: shati la mikono mirefu la kaki lililofumwa kwa kushikana huwalinda kuliko fulana nyeupe nyepesi. Natamani wazazi na walimu wangelizingatia hili wanapochagua nguo za watoto hao.

Hoja nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, inatoka katika historia ya mavazi ya mwambao huu wenyewe. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji tarehe 14 Februari 1858. Burton alikuwa mtu mwenye dharau nyingi kwa wenyeji, na maandishi yake yasomwe kwa tahadhari, lakini juu ya kazi za mikono alikuwa mtazamaji makini. Aliwakuta watu wamevaa mbugu, nguo ya gome la mti, ambayo Wajiji waliipata zaidi kutoka Urundi na Uvira. Anaeleza jinsi gome lilivyobanduliwa, likalowekwa, likapondwa kwa marungu hadi likalainika kama pamba nzito. Kisha fundi alilinyunyizia mawese kutoka mdomoni, na nguo ikapata rangi ya ngozi laini iliyotengenezwa, yaani hudhurungi nyepesi yenye umanjano kwa mbali. Wenye kupenda mapambo waliichora mistari kwa tope jeusi ili ifanane na ngozi ya chui. Tazama basi: mawese, ambayo leo ni adui wa shati jeupe, yalikuwa rangi rasmi ya nguo ya mwambao. Nchi jirani ya Buganda ilikuwa na nguo ya ukoo huo huo, itokanayo na mti wa mutuba, na ufundi wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu wote. Gome hilo likibanduliwa huwa jeupe jeupe. Wekundu wake wa udongo hutokea linapotandazwa nje kukauka. Jua linaloiua rangi ya dukani ndilo linaloizaa rangi ya mbugu. Kwa hiyo anayesema kwamba hudhurungi na kahawia ni mtindo wa Wazungu walioandika orodha za nguo za likizo, naye ajue kwamba rangi hizo zilivaliwa hapa kabla jora la kwanza la pamba halijafika.

Majora yalipofika, rangi haikubadilika sana. Baada ya mkataba wa biashara uliotiwa saini mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said, meli za Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar kitambaa cha pamba nzito isiyong'arishwa. Watu wakakiita merikani, na kikapanda na misafara hadi huku. Kilikuwa cha rangi ya maziwa yaliyokaa. Kilivaliwa, kilipimwa kwa shuka na doti, kililipa mahongo na kilinunua chakula. Kilikuwa nguo na fedha kwa wakati mmoja. Ushahidi wa thamani yake uko kwenye hesabu aliyoitoa Stanley katika kitabu cha safari yake kilichochapishwa mwaka 1872. Baada ya kuwauliza wafanyabiashara wa Zanzibar, alikadiria kwamba watu mia moja kwa mwaka mmoja wangehitaji doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 tu za vitambaa vya rangi na mistari. Hivi vya mwisho ilibidi avitaje kimoja kimoja kwa majina: barsati, kwa sababu Unyamwezi waliipenda, sohari, kwa sababu Ugogo waliipokea, ismahili, joho, rehani na vingine. Kwa nini merikani ichukue zaidi ya nusu ya mzigo? Kwa sababu kitambaa cha rangi kilikuwa na mipaka. Kilichotamaniwa Tabora kingeweza kukataliwa mbele ya safari, na msafara uliobeba rangi isiyopendwa ungelala njaa ukiwa na mali mgongoni. Merikani ilipokelewa karibu kila mahali. Wafanyabiashara wale hawakuwa washairi wa mavazi. Walihesabu hasara na faida, na hesabu yao iliwaambia kwamba kitambaa kisichotiwa rangi hakiishi muda wake haraka wala hakikwami njiani. Sifa hiyo hiyo ndiyo ninayoitafuta kwenye kabati la mtu mwenye kipato cha kawaida.

Hapa linasimama pingamizi kubwa kuliko yote, na sitalipita kwa haraka. Njia iliyoleta merikani Ujiji ilirudi Bagamoyo na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Ujiji ilikuwa kituo cha biashara ya utumwa, na merikani na kaniki ndizo nguo zilizowaangukia watumwa, kwa kuwa zilikuwa za bei ya chini na bila pambo. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameonyesha kwamba utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha nguo hizo na kuzikimbilia kanga zenye rangi na michoro. Kwao rangi ilikuwa tangazo kwamba sasa ni watu wenye haki zao. Tanganyika bara, sheria ya kukomesha utumwa ilitungwa mwaka 1922, wakati wa Waingereza. Mtu wa Ujiji akisema kwamba nguo isiyo na rangi inamkumbusha unyonge, anasema jambo lenye mizizi, na anayemcheka hajui historia ya mji anaoishi.

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, kilichomdhalilisha mtumwa hakikuwa rangi ya maziwa. Ni kunyimwa uchaguzi. Katika jamii hizo hizo za Waswahili, kanzu ya rangi ya maziwa ilikuwa na bado ni vazi la heshima la sheikh, la bwana harusi na la mzee anayekwenda msikitini Ijumaa. Alama zilizomtenga mtumwa zilikuwa kutovaa kofia wala kilemba na kutembea pekupeku, yaani zilikuwa katika yale aliyokatazwa. Rangi moja ilivaliwa na waliokuwa juu na waliokuwa chini. Maana yake iliamuliwa na mkono uliomvisha mvaaji. Anayechagua leo kwa hiari yake shati la rangi ya mchanga hayuko katika hali ya aliyevishwa kipande cha merikani. Pili, kumbukumbu hiyo inatuwekea sharti, nami nalikubali: nguo ya rangi ya udongo ikishonwa ovyo huonekana ya kimaskini mara moja, kwa sababu haina mchoro wa kulificha kosa la fundi. Kitenge chenye maua makubwa husamehe mshono uliopinda. Kadeti ya kaki haisamehi. Anayechukua rangi hizi achukue pamoja nazo upindo ulionyooka, kola iliyokaa, vifungo vya aina moja na pasi. Bila hayo pingamizi linashinda.

Wapo tena wasemao kwamba mwambao wa Tanganyika ni nchi ya vitenge, na kwamba kuwavisha kina mama kahawia ni kuzima furaha yao. Nakubaliana nao juu ya vitenge. Vile vinavyovuka ziwa kutoka Kongo na vile vinavyoingia kwa njia ya Burundi ni miongoni mwa vitu vinavyoupa uso mji huu, hata kama uchapaji wake wa nta una asili ya batiki za Java zilizoigwa na viwanda vya Uholanzi karne ya 19. Tatizo la kitenge ni kwamba hakipendi mwenzake. Blauzi ya kitenge kimoja na sketi ya kitenge kingine hugombana, isipokuwa zimechaguliwa na mwenye jicho la kipekee. Kwa hiyo mwenye mishono saba ya vitenge ana mavazi saba, basi. Nguo ya rangi ya udongo ni kama ugali mezani: haitambi, lakini hakuna mboga inayogombana nayo. Mama mwenye sketi ya rangi ya kahawa na nyingine ya rangi ya mchanga anaweza kuzivaa na blauzi nne za vitenge tofauti, akapata mavazi manane kwa vipande sita, na kila kitenge kikaonekana vizuri zaidi kwa sababu hakishindani na kitu. Rangi za udongo haziji kuviondoa vitenge. Zinavipa mahali pa kusimama.

Kuna na ile kauli inayosikika madukani kwamba kahawia humeza mtu mweusi. Ina ukweli mdogo ndani yake. Nguo inayofanana kabisa na ngozi ya mvaaji, ikikaa shingoni, huondoa mpaka kati ya uso na nguo, na uso huonekana umechoka. Tiba yake ni kupanga, wala si kukimbia rangi. Iliyo nyepesi ikae juu, karibu na uso: maziwa, mchanga, hudhurungi yenye umanjano. Iliyokolea ikae chini. Mwenye ngozi ya maji ya kunde anaweza kugeuza, akaweka kahawa juu na kaki chini. Mtandio wa rangi ya maziwa juu ya gauni la kahawia humaliza tatizo kwa wanawake wanaojifunika, na kwa mwanamume kola nyepesi inatosha. Ngozi nyeusi ina bahati moja ambayo waandishi wa mitindo wa Ulaya huisahau: rangi ya maziwa, ambayo juu ya ngozi nyeupe huonekana imepooza, juu ya ngozi yetu hung'aa.

Sasa ununuzi. Wengi wetu nguo zetu hutoka kwenye mitumba, ambayo imejaa masokoni tangu biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, na kadeti za kaki na kahawia ni miongoni mwa vitu visivyokosekana humo. Belo nyingi hutoka nchi za baridi, kwa hiyo kitambaa kizito au kilichochanganywa na plastiki ni kingi. Anayetilia shaka avute uzi mmoja kutoka kwenye upindo wa ndani na auchome: pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Jambo la pili ni mwanga. Kahawia mbili zinazofanana chini ya taa ya duka zinaweza kuachana kabisa nje, moja ikaelekea wekundu na nyingine ikaelekea ukijani, kwa sababu rangi zilizochanganywa kwa njia tofauti hurudisha mwanga wa taa na mwanga wa jua kwa namna tofauti. Nguo inayonunuliwa ili ioane na nyingine itolewe nje ya kibanda, iwekwe kando ya ile ya nyumbani, ndipo bei ijadiliwe. Ukoo wenyewe una mpaka: kijivu chenye ubuluu na kahawia yenye uzambarau hazimo, hata muuzaji akisema zote ni rangi zilizopoa.

Kwa mwanamume anayeanza bila kitu, suruali mbili na mashati manne ya ukoo huu humpa mavazi manane, na akiongeza suruali ya tatu anapata kumi na mawili. Nguo moja tu imeongezeka, mavazi manne yamepatikana. Hesabu hii hufanya kazi kwa sharti kwamba kila shati linaoana na kila suruali, na sharti hilo hutimizwa kwa urahisi katika rangi za udongo kuliko katika ukoo mwingine wowote ninaoujua. Mkanda na viatu vya ngozi vya rangi ya kahawia vinatosha kwa mavazi yote. Anayechanganya rangi kali hulazimika kuwa na vyeusi na vyeupe pia. Aanze na suruali, kwa kuwa ndizo ghali na ndizo hudumu, kisha mashati. Kanzu ya rangi ya maziwa, kwa anayeivaa, ihesabiwe humo humo, maana koti la kahawia juu yake hukaa vizuri. Sweta moja ya rangi ya kahawa iwepo kwa ajili ya asubuhi za Julai kando ya maji, ambazo watu wa bara jirani hawaziamini mpaka wazione.

Aliye na wasiwasi kwamba kaki itamfanya aonekane mgambo au mwanafunzi aitenganishe rangi na sare. Kinachofanya sare ni kaki juu na kaki chini kwa kivuli kimoja, pamoja na mifuko ya kifuani na vipande vya mabegani. Kaki chini na maziwa juu haifanani na sare ya mtu yeyote. Nguo za mabakamabaka ya kijeshi ni jambo jingine. Hizo raia haruhusiwi kuzivaa, hata kama rangi zake ni za udongo, na anayezikuta kwenye belo aziache hapo hapo.

Anayetaka kujipanga kwa kiangazi kijacho afanye hivyo mwezi wa Aprili na Mei, wakati mafundi wengi hawajabanwa na kazi za harusi na sikukuu, kwa kuwa karibu kila kadeti ya mtumba itahitaji kupunguzwa kiunoni au kufupishwa. Namna ya kuzungumza na fundi kuhusu kazi hiyo, na vipimo vya kumpa, ndiyo mada ya sehemu ya tatu.